Kujua umri wa karatasi za ukutani kwa katalogi ya V&A: uzoefu wangu

Katalogi ya mtandaoni ya makumbusho ya Victoria and Albert (V&A), London, ni ya bure, na kwa nyumba za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria sijapata ya kuizidi. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu wengi huifungua wakitarajia kisichomo: inakupa umri wa nakshi, haikupi umri wa karatasi iliyobandikwa ukutani kwako.

Chukua Willow Bough ya William Morris, mbunifu wa nakshi wa Uingereza wa karne ya 19, ile ya matawi membamba yenye majani marefu ya kijani. Katalogi itakwambia 1887, na ni kweli. Lakini kampuni ya Morris ilipofungwa mwaka 1940, kampuni nyingine ya karatasi za ukutani, Sanderson, ilichukua vibao vyake vya kuchapia karatasi, na nakshi hiyo inauzwa madukani hadi leo. Ukishapata jina, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Utafutaji ni wa maneno, tena ya Kiingereza. Ukiandika "wallpaper" peke yake utazama. Ongeza kinachoonekana kwenye nakshi, kama komamanga au tausi, kisha bana miaka. Ukipata inayofanana, soma kwanza mbinu ya uchapaji na vipimo, ndipo uangalie picha. Na namba ya makumbusho ya kitu hicho ikiishia na mwaka, tuseme 1954, huo ni mwaka kilipoingia makumbusho. Wasiojua hilo huigeuza karatasi ya 1870 kuwa ya miaka ya 50.

Sampuli usiichukue katikati ya ukuta, maana jua limeshaila rangi. Tazama nyuma ya kabati la kujengewa au chini ya ubao wa pembeni mwa mlango. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, subiri dakika kumi hivi, kisha inua kwa kisu butu chembamba, tabaka moja moja. Usipige msasa wala kukwangua pakavu, hasa penye kijani: kijani nyingi za karne ya 19 zilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu, zikiwemo baadhi za Morris mwenyewe. Vaa glavu na barakoa. Piga picha ukiwa umesimama sawa na ukuta, rula ikionekana, na mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni ili unene wa rangi uonekane.

Sasa soma karatasi yenyewe. Viungo vya mlalo, yaani vipande vifupi vilivyogundishwa kupata roli moja, huashiria kabla ya miaka ya 1830. Mhuri wa kodi mgongoni ni wa kabla ya 1836, kodi ya karatasi za ukutani ilipofutwa. Rangi nzito inayohisika kwa kidole, pamoja na vitone vidogo vya kulenga kibao pembeni, ni uchapaji wa mkono. Rangi nyepesi iliyojikusanya kwenye kingo za kila umbo ni ya rola za mashine, teknolojia iliyoshika kasi baada ya hataza ya kina Potter wa Darwen mwaka 1839. Ukiona vitone vya rangi nne chini ya lenzi, hiyo ni nakala ya kisasa, hata nakshi iwe ya enzi ya Malkia Victoria kiasi gani. Upana haukusaidii: sentimita 53 ni wa zamani na wa leo vilevile.

Pindo la roli lisilokatwa ni bahati kubwa, maana hapo ndipo unaweza kukuta alama. Alama ya almasi ya kusajili nakshi ni ya 1842 hadi 1883. Kuanzia 1884 ni namba inayotanguliwa na "Rd", na rejista zake ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza (The National Archives), Kew, London. Hapo unapata tarehe kamili ya usajili, jambo ambalo mfanano wa picha hauwezi kukupa.

Usisahau mpangilio wa ukuta. Miaka ya 1870 na 1880 ukuta uligawanywa kama kanga, pindo juu na chini, mji katikati, kila sehemu na karatasi yake. Kipande kimoja kikitafutwa peke yake kitakupotosha.

Nimejaribu pia huduma moja ya kulipia ya kutambua kwa picha. Kila mzingo wa ua iliuita Art Nouveau, mtindo wa mapambo wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, na haikuuliza mgongo wa karatasi ukoje. Sirudi.

Kwa karatasi za bei nafuu za miaka ya 1920 na 1930, zile za rangi ya uji na majani ya kahawia, V&A naiona haitoshi. Huko nenda MoDA, makumbusho ya usanifu wa nyumbani ya Chuo Kikuu cha Middlesex, inayohifadhi kazi za Silver Studio, karakana ya wachoraji iliyofanya kazi kuanzia 1880 hadi 1963. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo watengenezaji wa karatasi za watu wa kawaida, na ndizo hizo utakazozikuta kwenye nyumba nyingi za vitongojini.