Spika zangu za "kutupa"

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo anayetaka habari za wati na ohmu akasome nyuma ya boksi. Mimi nina la moyoni.

Spika hizi nilizinunua zamani kidogo, enzi ambazo bado niliamini mtu akiniambia kitu ni cha kudumu. Jozi ya mbao nzito. Hazina blutuzi wala saketi za kuwashwa. Unachomeka waya kutoka kwenye amplifaya, basi. Nilijibana kweli kuzipata, nikajiambia nitazeeka nazo.

Juzijuzi, jioni moja, besi ikaanza kukwaruza. Kila gitaa likishuka chini, spika ya kushoto inatoa mtetemo kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Nikalaumu waya. Nikalaumu rekodi. Nikaihamisha spika yenyewe kulia, nzi akahama nayo. Mwishowe nikavua kitambaa cha mbele, nikagusa ule ukingo wa sponji unaoizunguka koni, yaani ile sehemu inayocheza kutoa sauti. Ukaja na kidole! Haukuchanika, ulimomonyoka kama kichuguu kilicholowa, ukaniachia unga mweusi unaonata kama lami. Koni nzima, sumaku nzima, mbao bado zinang'aa. Kilichokufa ni utepe wa sponji usiozidi upana wa kidole.

Nikaibeba hadi duka lilelile nililonunua. Nikasalimia. Salamu ikaanguka sakafuni, hakuna aliyeiokota. Kijana wa kaunta, macho kwenye simu: "Mzee, hizo za kutupa. Teknolojia imeshapita."

Mzee! Haya, uzee nimeukubali. Lakini teknolojia gani iliyopita? Koili, yaani waya uliozungushwa, na sumaku kusukuma koni, kanuni ni ileile ya wahandisi Rice na Kellogg tangu mwaka 1925. Nikamuuliza kama wana ukingo wa kubadilisha. Akacheka kwa pua, akanisogezea kispika cha mviringo kinachoongea, eti hiki hata waya hakina. Betri yake ikichoka je? "Unanunua kingine." Alilisema bila haya hata kidogo. Na ile programu ya simu inayokiendesha, siku kampuni ikiamua kuitelekeza? Hapo akarudi kwenye simu yake. Nimenunua vitu vingi maishani, sijawahi kutolewa dukani kwa ukimya namna ile.

Lakini kijana nimemsamehe, nusu. Hasira kubwa ni kwa waliozitengeneza, kwa sababu walijua. Sponji ile huliwa na unyevu, mwanga na hewa yenyewe, hata spika ikikaa kwenye boksi bila kupigwa. Umri wake mara nyingi ni miaka 10 hadi 20. Ukingo wa mpira ulikuwepo. Wa kitambaa kilichopakwa dawa ulikuwepo tangu kabla hatujazaliwa, na hadi leo unakutana na spika za zamani za namna hiyo zinapiga tu. Unajengaje nyumba ya mawe halafu unaiezeka kwa karatasi?

Ingawa, niseme kweli, sponji ni nyepesi, na huo wepesi ndio ulionikamata siku ya kwanza. Koni inacheza bila kubanwa, besi inakuja laini, haigongi. Pengine siku ile ningewekewa za mpira ningepita zangu. Basi huenda nawalaumu bure. Huenda.

Fundi mmoja, mtu mzima kuliko mimi, aliniambia kwa simu: "Badilisha ukingo tu, mwanangu, usisumbuke." Mwanangu! Tazama tofauti ya watu. Nikaagiza ukingo wa kipenyo kilekile, jozi, maana wa kulia nao ulikuwa unasubiri zamu. Jioni mbili nzima nilikuwa nakwangua gundi ya zamani kwa spiriti. Kazi yenyewe hasa ni kuiweka koni katikati: koili ikigusa chuma hata kwa unywele, nzi anarudi. Nikakata kile kikofia cha katikati, nikapenyeza vipande vya plastiki nyembamba kuizunguka koili, nikapaka gundi, nikaenda kulala bila kulala. Asubuhi nikavichomoa, nikagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya. Koni ikachomoza, ikarudi, kimya. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Kwa hiyo wewe unayechagua spika za kukaa nazo, mwache muuzaji aongee, vua kitambaa cha mbele uone ukingo ni wa nini. Angalia pia kama wufa, ile koni kubwa ya besi, imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwa gundi. Ya gundi iache hapohapo, hata iwe inaimba kama malaika. Na duka likikuitikia salamu, hiyo nayo iweke kwenye hesabu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaweka nyota moja. Sasa hivi zinapiga hapa nyuma yangu, sauti ya chini kabisa, na ile besi imerudi ilivyokuwa. Nimefuta. Nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile sponji ya kuoza.

Na ukingo mpya niliofunga? Wa mpira ulikuwepo kwenye orodha, nikautazama muda mrefu. Nikaagiza wa sponji.