Leso ya Mali ya Abdulla kwa somo la semiotiki: nimeipenda

Nafundisha usanifu wa michoro hapa Mombasa. Zamani somo la semiotiki, yaani ishara na utamaduni, nililianza na lile tangazo la tambi za Panzani alilolichambua mwananadharia Mfaransa Roland Barthes mwaka 1964. Uchambuzi ni mzuri mno, ila wanafunzi wangu hawakukua na zile nyanya na ule mfuko wa wavu wa kwenye tangazo, wakawa wanakariri majibu. Siku hizi nawapeleka Mtaa wa Biashara tukanunue doti ya leso, yaani khanga mbili zilizoungana.

Naipendekeza Mali ya Abdulla, chapa ya duka lililoanza hapa hapa Mombasa mwaka 1887. Pamba yake ina uzito, rangi zimekolea, na pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yake) vimechapwa vikakaa mahali pake. Hata aliyekaa nyuma darasani anasoma. Tulishajaribu za bei ya chini za chapa nyingine: jina limeenda upande likapanda juu ya pindo, na rangi ikachuja mara ya kwanza kufuliwa. Kwa kufundishia hazifai.

Dukani, mama aliyetuhudumia hakuuliza tunataka rangi gani. Aliuliza, "Wampa nani, mwanangu?" Mwanafunzi akasema dada yake anaolewa. Papo hapo mama akavuta kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, akaitandaza kaunta. Kijana alikuwa ameshashika nyingine, MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, kwa sababu herufi zake zilimvutia. Mama akaichukua taratibu, akaikunja. "Hiyo usimpelekee bi harusi." Mtoaji, mpokeaji, siku yenyewe: vyote amevipima kabla hata ya kutaja bei, na ndicho hasa ninachotaka msanifu ajifunze.

Darasani nafunika jina kwa karatasi, wasome rangi na picha tu. Wengi hudhani korosho zilizochorwa kwenye pembe ni matone ya maji. Kisha nafunua jina, halafu nabadilisha mpokeaji: shoga wa tangu utotoni, mama mkwe, mke mwenza. Leso ni ile ile, lakini mabishano yanawaka. Wakirudi kwenye mabango yao wanaanza kuulizana nani atalitazama, akiwa wapi, na ataona limetoka kwa nani.

Mwalimu mwenzangu ukienda, nenda asubuhi kabla duka halijajaa, muuzaji apate nafasi ya kuongea na vijana. Na doti usiikate hadi waione ilivyouzwa. Baadaye kipande kimoja kifunike jina, cha pili kiache wazi, uvitundike pamoja.