Rangi ya unga au ya kupuliza: namba ya chesi itasomeka?
Pikipiki ikivuka Busia, au ikipandishwa meli Mombasa, ofisa wa forodha huinama kwenye shingo ya fremu na tochi, alinganishe herufi na tarakimu 17 za namba ya chesi zilizochongwa hapo na zile za hati. Ukipaka fremu upya, rangi ya unga, yaani poda kavu inayookwa kwa nyuzi 200 hivi, ni ngumu ila nene. Hujaza mikato ya namba hadi 8 ifanane na B. Mchanga unaorushwa kusafisha fremu kabla ya rangi nao hula kingo. Ya kupuliza huchubuliwa na kokoto, lakini ni nyembamba, na hapa Kisumu ndiyo ninayochagua. Ukishikilia ya unga, fundi azibe namba kabla ya mchanga, kisha aizibe kwa tepu inayostahimili joto kabla ya tanuri, amalizie na vanishi angavu kuzuia kutu. Kamwe asichonge namba upya: itaonekana ya wizi.