Malkia karudi, baunsa katuharibia

Waandaaji wa lile onyesho la taarabu hapa Mtwara mjini nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya malkia, si yenu.

Miaka huyu mama alikuwa kimya. Mara tunasikia kaenda Hija kaacha muziki, mara koo limemkataa. Gari la matangazo lilipopita mitaani likisema anarudi jukwaani, shangazi yangu akashuka kutoka Newala. Mnada wa korosho ulikuwa umeshalipa. Akachenji pesa apate noti mpya za elfu mbili mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga. Hizo si za kula, ni za kumtuza.

Sauti ipo. Imekuwa nzito, pumzi imepungua, na pale pa juu anawaachia waitikiaji. Lakini kulikuwa na fidla ya kweli, si kinanda peke yake, na alipoingia na ubeti wa kwanza ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Shangazi akainuka. Anayeijua taarabu anajua: ubeti ukikugusa unakwenda mbele kwa madaha, unamtuza mwimbaji, na kama hasimu wako yupo unamtupia jicho aelewe. Ukiondoa hayo, si bora tubaki nyumbani na redio? Baunsa, kijana wa miwani myeusi usiku, akamziba njia.

"Bibi, rudi nyuma. Huku VIP."

"Mjukuu wangu, sina haja na kiti. Nina tuzo yangu."

Akamsukuma. Kisha, bila haya, akamwambia ampe yeye hizo hela, atazifikisha.

Atazifikisha!

Nikamfuata mwandaaji, naye akanijibu eti huo ndio utaratibu wa kimataifa. Wa kimataifa, na chooni hakuna hata ndoo ya maji! Hao VIP wenyewe walikaa kama wamo msibani, simu juu, hakuna aliyeinuka na hata mia. Jenereta nalo likazima katikati ya wimbo, kwenye mkoa ambao gesi ya Msimbati inaanzia safari ya kwenda Dar, lakini hilo nimelimeza.

Nisilolimeza ni kwamba malkia aliona. Alikuwa hatua chache tu. Mtu aliyelelewa na tuzo za wanawake kama shangazi angenyoosha mkono tu, baunsa angepisha. Akafumba macho akaendelea. Kwa hiyo hata ile nyota naitoa.

Au basi, ibaki. Wimbo wa mwisho ule ulinitoa machozi, siwezi kusema uongo.

Shangazi hataki kusikia malkia anasemwa. Anadai taa zilikuwa zinamuumiza macho yule mama. Noti bado ziko pindoni, na tangu aliposikia kuna onyesho jingine Lindi anaulizia nauli. Mimi siendi. Labda nimpeleke, kisha nimsubiri nje.