Shule ya udereva ya Morse Road: masaa 8 ya kwao, 50 ya kwangu

Kina mama watatu wameniuliza ndani ya wiki mbili, wote wana watoto wa miaka 15: binti yako alisomea wapi udereva? Ni shule ndogo upande wa kaskazini wa Columbus, hapa Ohio, pembeni ya Morse Road. Amemaliza, leseni anayo, kwa hiyo naeleza kizuri na kibaya.

Kwetu Tanga tulizoea ukitimiza miaka 18 unachukua lena, unafundishwa, unapewa leseni basi. Huku mtoto anaanza mapema, ila gari anaachiwa kidogo kidogo. Akifika miaka 15 na nusu anafanya mtihani wa maswali 40, akipata 30 anapewa leseni ya kujifunzia, na lazima akae nayo miezi 6. Humo ndani anatakiwa masaa 24 ya darasa, masaa 8 barabarani na mwalimu, na masaa 50 na mzazi, 10 kati ya hayo yawe ya usiku.

Darasa lao ni la kwenye intaneti, na halina jipya. Pesa yako unaiona kwenye yale masaa 8.

Tulimpata mwalimu mama wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Siku ya kwanza aliniruhusu kukaa kiti cha nyuma. Tulipofika njia ya kuingilia barabara ya 161, jua la jioni liko usoni, malori yanapita, binti yangu akaingiwa na woga akapunguza mwendo karibu asimame. Mimi huko nyuma nimeng'ang'ania mkanda. Mwalimu ana breki yake miguuni, hakuigusa. Alisema tu, "Kioo. Geuza shingo. Sasa kanyaga mafuta." Tukaingia salama. Maneno hayo matatu nimeyatumia mimi mwenyewe miezi yote iliyofuata.

Kitu kingine ni koni. Mtihani wa kuendesha wa Ohio una kisanduku cha koni nne, moja kila kona, upana futi 9 na urefu futi 20, na koni ya tano iko mbele peke yake. Unapita, unaikwepa hiyo ya mbele, halafu unarudi rivasi ulikotoka. Ukiangusha moja umefeli. Binti kila akirudi nyuma alikuwa anasimama njiani, anaona anagonga. Mwalimu akazima gari, akamshusha, akampeleka nyuma ya bampa aone mwenyewe. Nafasi iliyobaki, mtu mzima angepita katikati bila kujikunja. Akarudi kwenye usukani, na tangu hapo hakusimama tena ovyo.

Sasa ubaya. Walituahirishia mara mbili kwa ujumbe wa simu, asubuhi ya siku yenyewe. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, zamu nilishabadilishana na mwenzangu, na nafasi nyingine ikapatikana baada ya wiki tatu. Hakuna aliyeniomba radhi. Kwa dola 480 nilizolipa, hilo lilinikera sana na nikawaambia.

Masaa 50 ya mzazi shule haikufanyii, ila wanakupa daftari: tarehe, dakika, hali ya hewa, barabara gani. Mwisho unatia sahihi kiapo mbele ya notari, yaani ofisa anayeshuhudia sahihi. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Dada, jaza tu, nani atakuja kuhesabu?" Jamani, msijaze tu. Saa yetu ya 31 tulikuwa Cleveland Avenue, mvua inapiga kioo, gari la mbele likafunga breki ghafla. Nilifungua mdomo kusema, nikakuta mtoto ameshapunguza, na nafasi ya kutosha alikuwa ameiacha tangu mwanzo. Hilo halikutoka kwenye masaa 8.

Siku ya mwisho mwalimu alituweka wote wawili chini akatueleza miezi 12 ya kwanza ya leseni. Asiendeshe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila mzazi. Abiria asiye wa familia, mmoja tu. Simu hapana kabisa. Utaratibu wa namna hii ulianza New Zealand mwaka 1987, Florida ikaufuata mwaka 1996, na wanaukazania kwa sababu rafiki akiongezeka garini, hatari ya ajali kwa dereva mdogo inaongezeka naye. Ijumaa ya kwanza binti alitaka kuwapakia rafiki watatu kwenda kwenye mechi ya shule. Nilimwambia mmoja. Alilia, akaenda na mmoja; wawili walipelekwa na mama yao.

Mdogo wake anafikisha 15 na nusu mwezi wa tatu, na nimeshamwekea nafasi palepale, kwa mwalimu yuleyule. Mkipiga simu ombeni Jumamosi asubuhi, na mpige mapema, maana ndizo zinazoisha kwanza.