Gari lilivuta kushoto nikishika breki, tatizo likakutwa kulia: uzoefu wangu na gereji ya Kizota

Kama gari lako linakwenda sawa barabarani lakini ukishika breki linakimbilia upande mmoja, usikubali lifanyiwe chochote kabla fundi hajalipima. Nasema hivi baada ya kupita gereji mbili hapa Dodoma kwa tatizo lilelile. Ya kwanza sitaitaja. Ilinitoza pesa ya alaimenti, yaani kuweka sawa mwelekeo wa magurudumu, ikanirudishia gari likiwa vilevile. Ya pili ni gereji ndogo ya mtaani kule Kizota, hata bango haina, na hiyo ndiyo ninayotaka muijue.

Gari ni Toyota IST. Linanipeleka kazini Mtumba na kunirudisha Ilazo, na mara kwa mara naenda nalo upande wa Kondoa, ambako ukishaacha lami vumbi linaingia kila mahali. Dalili ilianza kidogo kidogo. Nikikanyaga breki taratibu sioni kitu. Nikikanyaga kwa nguvu, labda bodaboda amechomoka ghafla, usukani unaondoka kwenda kushoto na inabidi niukaze kwa mikono miwili. Kwetu pembeni kushoto ndiko wanakotembea watoto wa shule. Hilo lilininyima amani kuliko gharama yoyote.

Gereji ya kwanza walisikia neno "linavuta" tu, wakaliingiza kwenye mashine. Hakuna aliyekaa kwenye usukani akashika breki. Jamani, alaimenti ikiharibika hujionyesha hata mguu ukiwa mbali na breki. Gari linalonyooka vizuri mpaka pale unapogusa breki linakuambia uanze kutafuta kwenye breki zenyewe.

Kizota swali la kwanza la fundi lilikuwa hilohilo: "Dada, linavuta muda wote au ukishika breki tu?" Nikajibu, akaanza na kitu rahisi kabisa: upepo wa matairi. Akasawazisha ya mbele, kisha akayabadilishana, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto. Gari lingeanza kuvuta kulia, kosa lingekuwa la tairi. Liliendelea kuvuta kushoto.

Halafu akaliendesha mwenyewe, mimi nimekaa pembeni. Hakulijaribia barabara kuu. Alitafuta eneo tambarare, akanieleza kwamba barabara nyingi za lami zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo gari lililo upande wake huteleza kidogo kwenda kushoto hata likiwa zima. Alishika breki mara kadhaa, akasimama, akashuka na kusogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kugusa diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki. Kushoto kulikuwa na joto la kawaida. Kulia joto lilikuwa dogo waziwazi.

"Huyu anayevuta hana kosa," akasema. "Huyu wa kulia ndiye hafanyi kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Fikiria mkokoteni unaoteremka, watu wawili wameushikilia kwa nyuma wauzuie. Wa kulia akilegeza, mkokoteni unageukia kushoto, kwa sababu kushoto ndiko bado kumeshikwa. Gari nalo huenda upande wenye breki yenye nguvu zaidi. Lakini angekuta gurudumu la kushoto linaunguza, kesi ingekuwa nyingine: breki ya kushoto ingekuwa imeng'ang'ania, haiachii. Ndiyo maana alipima joto kabla ya kushika spana.

Gurudumu la kulia lilipofunguliwa, ushahidi ulikuwa wazi. Pedi ya ndani, kile kibao kinachobana diski, ilikuwa imekwisha karibu yote, ya nje bado nene. Kalipa, yaani kifaa kinachoshika pedi na kuzibana, kwenye gari hili ina pistoni moja upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini zikikwama, kalipa haitelezi, na pedi ya nje inabaki bila kazi ya maana. Mpira wa pini moja ulikuwa umechanika. Vumbi lilikuwa limeingia, likachanganyika na grisi ya zamani mpaka ikawa ngumu, na kutu juu yake. Pini ilitoka kwa kugongwa.

Mafundi wengi wangeishia hapo. Huyu aliendelea. Aliangalia kama kuna mafuta yaliyogusa pedi, maana pedi iliyolowa mafuta haikamati hata kama kalipa ni nzima. Akachokonoa kwa mtaimbo bushi, yaani mipira ya viungo, za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu, kwa kuwa bushi iliyochoka huruhusu gurudumu lisogee ukishika breki na gari likapinda. Kisha akageukia bomba la mpira la breki, ambalo linaweza kuharibika kwa ndani huku nje likionekana jipya. Alimwambia kijana wake akanyage breki na kuachia, yeye akizungusha gurudumu kwa mkono. Lilizunguka bila shida. Akanieleza kwamba lingebaki limebanwa, angefungua nati ya kutolea upepo: likiachia, bomba limeziba, lisipoachia, pistoni au kalipa imekwama.

Spea nilinunua mwenyewe. Alinipa za zamani nikalinganishe dukani, na akasisitiza pedi mpya za pande zote mbili, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja unajitengenezea mvuto mwingine. Pini alizisafisha kwa msasa laini, akaweka mipira mipya na grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida aliikataa kabisa, inavimbisha mpira na pini zinakwama tena. Mafuta ya breki yalikuwa yamekuwa meusi, tukayabadilisha na kutoa upepo magurudumu yote. Hili msilidharau. Mafuta haya hunyonya unyevu: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka kwenye mteremko mrefu, hapo ndipo pedali inapozama.

Sasa nikikanyaga kwa nguvu gari linasimama limenyooka. Ufundi nililipa shilingi 30,000, chini ya nilichotoa kwenye alaimenti isiyosaidia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sababu hawatoi risiti, na kwa mtu anayehitaji kumbukumbu za matengenezo hilo ni upungufu mkubwa. Niliandika mwenyewe kwenye daftari, fundi akasaini. Sehemu ya kusubiri hakuna, ni kivuli cha mwarobaini tu. Nendeni asubuhi, maana mchana foleni inakuwa ndefu na yeye hakubali kuharakishwa. Na mkiulizwa gari lina shida gani, msiseme "linavuta" mkanyamaza. Semeni linavuta upande gani, na linavuta lini.