Duka la stempu za zamani, Columbus, Ohio: nyota nne, na nendeni na pesa taslimu

Nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu ya stempu moja ya senti tatu, nitaeleza huko mbele. Jina la duka na mtaa sitaji. Mwenyewe kaniomba, akasema mali yake yote inaingia kwenye mfuko wa koti na wezi nao wanasoma maoni ya wateja. Wenyeji wa Columbus mnaopenda mambo haya mtalijua tu: ngazi za mbao pembeni ya kinyozi, mlango wenye kengele mbili, na mzee wa miaka themanini na ushee anayekukagua kwenye kamera kabla hajakufungulia.

Mimi mtu wa Tanga. Hapa Marekani nalishwa na kazi ya ghalani, zamu ya usiku, lakini stempu nilizianza utotoni kwa bahasha alizoniletea mjomba aliyekuwa posta. Nilipofika Ohio nikajiwekea mpaka: stempu za Marekani tu, za 1847 hadi 1898, na hakuna stempu itakayozidi bei ya kilo mbili za nyama ya mbuzi. Kipimo hicho cha nyama kakiweka Mama Salma, si mimi.

Safari hii lakini sikwenda kununua, nilimpeleka shemeji. Alikuwa amepata albamu ya stempu kwa dola 15 kwa watu waliokuwa wakihama, wametandaza vitu uani. Usiku uleule akanipigia simu, sauti imebadilika. Kasoma mahali kwamba Juni 2024 stempu ya senti moja ya buluu, yenye kichwa cha Benjamin Franklin, iliuzwa mnadani kwa dola 4,366,000. Kafungua albamu, ukurasa wa pili Franklin huyo, buluu hiyohiyo.

"Shemeji, mimi nimekaa chini," akaniambia. "Na wewe kaa."

Nikamwambia asiiguse kwa vidole, Jumamosi twende.

Kutathmini, mzee anatoza dola 25 kwa nusu saa, na ukinunua kitu anaikata kwenye bei. Franklin hakuanza naye, ingawa shemeji alikuwa keshamsogeza mbele kama mtu anayewasilisha posa. Aliipitia albamu nzima kimya, kibano mkononi, akigawa mafungu matatu. Alipofika kwa Franklin akamlaza kifudifudi kwenye karatasi nyeusi, akashusha taa mpaka mwanga ukaja kwa ubavuni, akatuita tuinamishe vichwa. Mgongo ulikuwa laini. Halafu akatoa kwenye droo stempu nyingine ya ukoo uleule, ya senti tatu, akailaza pembeni yake. Hiyo ilikuwa na kiraba cha vitone vilivyobonyea kwenye karatasi, kama mtu kagandamiza uma kwenye unga wa biskuti.

Hicho kiraba wanakiita grili, na ndicho kilichobeba mamilioni yote yale. Kuanzia 1867 posta ya Marekani iliogopa watu wanaofuta mhuri na kuitumia stempu mara ya pili, ikaanza kuzigandamiza ili nyuzi za karatasi zivunjike na wino wa mhuri uzame ndani. Vyuma vya kugandamizia vilikuwa vya ukubwa mbalimbali, wakusanyaji wakavipa herufi. Z ni mojawapo: milimita 11 kwa 14, na vitone vyake vina migongo iliyolala badala ya kusimama. Senti moja yenye Z zinajulikana mbili tu duniani. Moja ni mali ya maktaba ya umma ya New York. Ya pili ndiyo hiyo ya mnadani, ambayo mwaka 2005 tajiri Bill Gross aliipata kwa kubadilishana na stempu nne zilizoshikana za ile stempu maarufu ya ndege iliyochapwa miguu juu kwa makosa. Ya shemeji ilikuwa dada yao wa kawaida wa 1861. Picha ileile, rangi ileile, mgongo mtupu.

"Nzuri hii," mzee akasema. "Dola sita."

Shemeji akanigeukia kwa Kiswahili: "Sita elfu?"

Sita tu, shemeji.

Hapa ndipo ninapompa mzee nyota mbili peke yake, kwa sababu hakumwacha mtu na namba bila sababu. Akafungua katalogi ya Scott, ambayo namba zake ndizo lugha ya biashara hii hapa Marekani, akamwonyesha bei iliyoandikwa, kubwa kuliko sita mara kadhaa. Shemeji akataka kufurahi. Mzee akamwekea lenzi: bei hiyo ni ya stempu ambayo picha imekaa vizuri katikati, meno yote ya ukingoni kamili, mhuri mwepesi. Yako picha imeteleza kushoto mpaka meno yanatafuna fremu, na chini limepungua jino moja na nusu yake. Nimewahi kukaa na wanunuzi wanaokwambia "taka hizi, nakusaidia kwa ishirini" na kuikunja albamu. Huyu alihesabu hata jino lililovunjika.

Na akamwonyesha kitu ambacho hata mimi kilinichukua miaka kukikubali. Juu ya kabati la kioo ana stempu ya senti 90 ya 1860, George Washington, safi, haijawahi kubandikwa. Bei yake ni mbuzi wa harusi nzima. Sasa ileile iliyotumika kweli, yenye mhuri halali, ni ghali kuliko hiyo safi. Ilitoka 1860, mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na ofisi za posta za kusini zilikuwa zimejaa stempu za serikali ya Washington. Serikali ikachapa sura mpya, ikazifuta za zamani zote ili waasi wasizigeuze pesa. Ya senti 90 ikawa imeishi muda mfupi, na barua za kulipiwa senti 90 hazikuwa nyingi. Basi wajanja huchukua safi na kuigongea mhuri wa uongo. Stempu za bei hiyo mzee hauzi bila cheti cha wataalamu, na anakushauri usimnunulie mtu yeyote bila cheti, yeye mwenyewe akiwemo.

Mimi nilikuwa na langu dogo la pembeni. Mwaka jana nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, dola 60 (nyama ya mwezi huo tuliiruka), senti tatu ya 1861 iliyoandikwa "pinki". Stempu ya senti tatu ya sura hiyo ilichapwa karibu bilioni 1.8, ni kama mchanga, lakini nyingi ni za rangi ya waridi. Za mwanzo kabisa ndizo pinki, na bei yake ni nyingine kabisa. Kwenye simu rangi zote ni pinki. Mzee ana kadi yenye stempu saba alizozithibitisha, akaipeleka dirishani, akazima taa, akaiweka yangu katikati. Pinki ya kweli ina ubaridi ndani yake, kama imechanganywa na tone la buluu. Yangu ilikaa pale na joto lake, waridi mchana kweupe. Sikusema kitu. Akanirudishia, akasema dola mbili kama nataka kuiuza. Sikuiuza, naiweka kama risiti ya ujinga.

Nyota iliyokatwa sasa. Miezi ya nyuma alinisainia mwenyewe kwa kalamu "haina kasoro" kwenye stempu ya treni ya 1869, senti tatu, dola 18. Nikafika nyumbani, nikailaza kifudifudi kwenye kisahani changu cheusi, nikaidondoshea kile kimiminika cha kuonyesha alama za maji, zile zilizofichika ndani ya karatasi. Kikishaenea, karatasi nzima huwa kijivu sawasawa, na palipo na ugonjwa panajitokeza peusi. Pakajitokeza doa chini ya treni, ukubwa wa punje ya dengu: mahali mtu alipoibandua vibaya ikanyofoka tabaka. Kwa mbele huoni kitu. Nilipomrudishia alinung'unika, akasema jicho lake la kushoto si lile la zamani, akanipa stempu nyingine badala ya hela zangu. Nilitaka hela. Tangu siku hiyo nalipia baada ya kisahani, na lazima niseme hakatai, anakisogeza mwenyewe. Ukienda na wewe omba, usione haya.

Vitu vingine vya kujua. Pesa taslimu tu. Maegesho ni tatizo. Chumba kina baridi mwaka mzima, anasema unyevu na joto ndivyo vinavyoua gundi, kwa hiyo vaa sweta hata Julai. Ana sanduku la barua za kabla ya stempu kutoka Salem, Massachusetts, zimekunjwa na kufungwa kwa lakiri, bei nafuu kuliko unavyodhani. Nilizipekua zote nikitafuta iliyokwenda Unguja, kwa sababu meli za Salem ndizo zilizokuwa zikituletea ile nguo ambayo bibi zetu waliiita merikani. Sikuipata. Mzee hakujua habari hiyo, nikamweleza, akaandika "merikani" kwenye kadi na kuibandika sandukuni. Akiipata, ataniuzia kwa bei ya merikani, nina hakika.

Turudi kwenye mafungu matatu ya shemeji. La kwanza kubwa, stempu za kawaida, akampa dola 30 kwa zote. La pili akasema mrudishie mtoto achezee. La tatu lilikuwa na kitu kimoja: bahasha kuukuu ambayo shemeji alitilia stempu zilizokuwa zikidondoka. Imechapwa bendera kwa rangi kushoto, ina senti tatu ya waridi, mhuri wa 1862, na jina la kikosi cha askari kwa wino uliofifia. Stempu yenyewe ni ya dola mbili kama yangu. Bahasha nzima, ikiwa imetulia hivyo na stempu yake, mzee akatoa dola 45.

Halafu akauliza, kwa upole, hizi stempu nyingine zenye migongo misafi zilikuwa kwenye bahasha pia?

Zilikuwa. Tatu. Ijumaa usiku shemeji alizilowesha kwenye beseni, akazibandua vizuri kabisa, akazikausha kwa taulo ili zipendeze. Bahasha zilizobaki akazitupa.

Mzee akavua miwani. Akauliza kama taka zimeshachukuliwa. Mtaani kwa shemeji gari la taka hupita Jumamosi asubuhi, na sisi tuliondoka nyumbani saa tatu.

Hufunguliwa Jumatano hadi Jumamosi, saa nne asubuhi kwa maandishi, saa nne na nusu kwa ukweli. Ile nusu saa ya tathmini ya shemeji ilichukua saa moja na robo, na mzee alitoza dola 25 zilezile. Bahasha shemeji hakuiuza. Ameiweka pamoja na pasipoti.